Kaakaa lenye tundu, meno yasiyokutana: utakula nini ushibe na upate nguvu?

Kwetu tunakotengeneza meno na pleti za bandia, wateja wengi waliozaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa walishonwa utotoni, na nyumbani jambo likaonekana limekwisha. Halijakwisha. Makovu ya upasuaji hubana taya la juu lisikue sawa na la chini, meno ya juu yakaangukia nyuma ya yale ya chini, na upande wa mpasuko mara nyingi jino moja la mbele halioti kabisa. Magego yanayokutana yakiwa machache, mtu hutafuna muda mrefu, mwishowe anameza mapande. Harusini anakula wali, nyama anaiacha, halafu anaambiwa anadeka. Inatuuma kusikia hivyo.

Kupima unavyotafuna, tunaanza na bigijii mbili za rangi tofauti. Zitafune pamoja mara 20, kisha uziteme. Rangi zikichanganyika vizuri, meno yanasaga. Zikibaki michirizi, yanabonyeza tu.

Wengi hukimbilia chai, mkate na uji mtupu. Ni vyepesi kumeza, ila protini na madini ya chuma ni haba, na sukari ya humo inaozesha hayo meno machache. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Gramu 100 za minofu iliyopikwa ya sato au sangara zina zaidi ya 20. Asiyetafuna vizuri achukue minofu ya sangara, maana vimiba vya sato humezwa bila kuonekana. Chai isubiri saa moja baada ya mlo, kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa.

Dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ni msaada mkubwa, mradi wawe wamekaushwa kwenye chanja. Walioanikwa chini wana mchanga, na mchanga unasaga meno. Toa vichwa, osha, kausha tena juani, kaanga bila mafuta dakika 5, twanga, chekecha. Gramu 20 za unga huo, karibu vijiko viwili vya chakula vilivyojaa, zinakupa takribani gramu 10 za protini. Utie kwenye uji au mlenda unapokaribia kuepua. Maharage yaloweke usiku kucha, yachemshe hadi yapondeke, kisha yachuje maganda.

Kama kaakaa bado lina tundu linalopenya hadi puani, chakula chepesi kama maji ndicho hupanda puani, hivyo pika uji mzito na ule umekaa wima. Karanga nzima ziache: vipande vyake hunasa tunduni na kuoza humo.

Tundu lisiloweza kushonwa, au linalosubiri upasuaji, tunalifunika kwa pleti ya akriliki, yaani plastiki ngumu. Kwanza tunaliziba kwa shashi yenye vaselini, iliyofungwa uzi. Bila hivyo alijineti, uji mzito unaoganda tunaochukulia alama ya kaakaa na meno, hupenya puani na kukatikia humo. Alama tunaijaza plasta ya jasi, na juu ya mfano huo tunatengeneza pleti yenye vibana vya waya pamoja na jino linalokosekana. Pleti hufunika tundu tu, haiingii ndani, kwa kuwa ikisukuma ndani hulipanua. Siku ya kuivaa unakunywa maji huku umeinama kidogo mbele. Yakitoka puani, tunarekebisha ukingo papo hapo.

Rudi baada ya siku moja au mbili tuone inapochubua. Tafadhali usiikwangue kwa kisu wala kuiunga kwa supaglu, maana haitakaa tena sawa. Ioshe kila baada ya mlo kwa brashi laini na sabuni, ivue usiku, iloweke kwenye maji baridi. Maji ya moto huipinda.

Tundu linaloonekana linashoneka, tunakuelekeza hospitali ya Bugando, Mwanza, kwanza. Na ukipungua kilo 3 kati ya 60 ndani ya mwezi bila kukusudia, usisubiri pleti, nenda hospitali upimwe. Ukija kwetu, njoo na pleti ya zamani hata kama imevunjika, pamoja na karatasi za upasuaji ulizonazo.