Shosti, kuhusu nyonga ya mama

Mambo shosti wangu,

Meseji yako nimeisoma usiku nikaumia sana, pole mwaya na mama mpe pole. Kuteleza bafuni na kuvunjika nyonga si mchezo, afadhali kashafanyiwa operesheni. Ila umeandika kama vile kazi imeisha, na mimi kwa hii miaka ya wodi ya mifupa naona kinachowaangusha wazee baada ya hapo mara nyingi ni kule kulala tu, mtu yuko chali wiki nzima, kifua kinajaa kinageuka nimonia, damu inaganda mguuni, makalio na visigino vinachubuka, mpira wa mkojo umesahauliwa mpaka unaleta maambukizi.

Alafu hilo la mama kuongea na marehemu baba usiku na kutaka kuchomoa dripu, eti shangazi anasema katupiwa jini. Naomba sana asitolewe wodini kupelekwa popote saivi. Mama anaweweseka, inawapata wazee wengi mno wakivunjika nyonga, mchana anakua poa usiku inazidi, na karibu kila mara kuna kitu kinaisababisha, inaweza kua maumivu, maambukizi, maji kupungua mwilini, choo kimefunga siku kadhaa, mkojo umembana, au dawa zenyewe. Mwambie daktari leo leo, na useme wazi kwamba kabla hajaanguka alikua anahesabu hela za kikoba bila kukosea, maana wao hawamjui wataona ni uzee tu. Mpelekee na miwani yake.

Muulize mtu wa mazoezi mama anasimama lini. Kama daktari hajakataza, kesho yake tu baada ya operesheni mzee anatakiwa aanze kukaa kwenye kiti na kusimama na woka, ile fremu ya kushikilia. Atakuambia mwanangu niache nipumzike na roho itakuuma, we omba apewe dawa ya maumivu mapema afu asimame.

Ile sindano ya tumboni ya kuzuia damu kuganda huwa inaendelea kama mwezi hivi, hata akisharudi nyumbani, kwaiyo hela ikikata msiache kimya kimya, mwambieni daktari awape njia nyingine. Mguu mmoja ukivimba na kigimbi kinauma, au ghafla anahema juu juu na kifua kinabana, hapo hospitali mbio, hata iwe saa nane usiku.

Nyumbani sasa. Kwa kua kawekewa kichwa cha chuma kwenye mfupa wa paja, ile nyonga miezi ya mwanzo inaweza kuchomoka akikunja vibaya, kigoda cha jikoni kitoe kabisa, kulala mkekani hapana, kunja nne hapana, kuswali aswalie kwenye kiti kirefu. Choo chenu cha kuchuchumaa ndo kinanipa wasiwasi zaidi, tafuta fundi seremala leo amtengenezee kiti cha mbao chenye tundu, kirefu kiasi kwamba akikaa magoti yasipande juu ya nyonga, na kiwe na mikono ya kushikilia maana anavyoinuka ndo wengi wanaanguka tena.

Chakula kisiwe chai na andazi, kidonda kinataka mayai, dagaa, maharage. Na kabla hajaruhusiwa uliza dawa ya kuimarisha mifupa, mtu aliyeteleza tu bafuni akavunjika nyonga mifupa yake imeshachoka na upande wa pili nao uko hatarini, hili linasahaulika sana.

Ntakupigia nikitoka zamu jioni, kaa karibu na mama niongee naye. Mwambie shikamoo.

Wako, wa wodini