Leseni za kompyuta ziandikwe jina la duka, sio la fundi

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, nina steshenari hapa Morogoro, kompyuta sita, printa tatu na vijana wanne, kazi zetu kubwa ni mitihani ya shule, kadi za harusi, mihuri na makabrasha ya maofisi. Kurasa zenu za biashara nazisoma sana ila kila siku ni mikopo na mitaji, leo naomba nafasi niongelee kitu ambacho kilinisimamishia kazi siku mbili nzima na sijaona mtu anakiandika, hizi leseni za programu zinazotakiwa kulipiwa kila mwaka.

Ilikuwa Jumatatu, msimu wa mitihani. Mwalimu mmoja ananipigia anasema karatasi keshatuma tangu Ijumaa kwenye imeili ya ofisi, naangalia hamna kitu, namwambia Mwalimu tuma tena, anatuma, hamna. Nikajua bando limeisha. Mchana mteja mwingine analalamika katuma LPO, ile oda ya ununuzi ya ofisi, mara mbili inamrudia, ndio nikamwita kijana mmoja anayesoma chuo aje atuangalizie, akakaa kama dakika tano hivi akaniuliza, "Mama, domeini mlilipia lini mara ya mwisho?" Mama mwenyewe hata sijui kama domeini, lile jina la .com ambalo imeili ya ofisi inalitegemea, inalipiwa! Mimi nilijua nilishalipa siku ya kwanza basi yameisha, kama mtu anavyochonga kibao cha duka akakipigilia misumari.

Kumbe jina la .com ni la kukodi, unalipia mwaka au miaka kadhaa ukimaliza unalipia tena. Na kukumbushwa tulikumbushwa. Taratibu za ICANN, hao ndio wanaosimamia majina ya intaneti duniani, zinamtaka aliyekusajilia akutumie taarifa kama mwezi mmoja kabla halijaisha, tena kama wiki moja kabla, na nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Zote zilikwenda, ila zilikwenda kwenye imeili binafsi ya fundi aliyetufungulia hilo jina miaka hiyo, siku hizi yuko Dodoma na shughuli nyingine kabisa na hiyo imeili hata haifungui. Simlaumu sana, maana ni mimi niliyemwambia "wewe mdogo wangu fanya tu ilimradi iwake", nikampa hela mkononi, risiti sikudai. Kwa hiyo ukiangalia usajili, jina la duka langu lilikuwa mali yake yeye. Tulimpata usiku kupitia kwa dada yake, na bahati yangu lilikuwa bado kwenye zile siku 30 za kukomboa, zikipita hizo linarudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua, ila kukomboa kuna adhabu yake na nililipa mara kadhaa ya bei ya kawaida. Mitihani ya yule Mwalimu ilichapwa duka la jirani.

Baada ya hapo nikasema ngoja nikague kila kitu, na Mhariri nilichokikuta ni aibu tupu. Antivairasi, ile programu ya kuzuia virusi, tulinunua boksi moja la mashine tatu, mashine ya kwanza tukaiwekea Januari, mbili zilizobaki tukaziwekea Juni, mimi moyoni najua hizo mbili zina mwaka wao, kumbe mwaka ulianza kuhesabiwa ile Januari, kwa hiyo ilipofika Januari nyingine zote tatu zikawa wazi na hakuna aliyejua, kile kidirisha chekundu vijana walikuwa wanakifunga tu kila asubuhi kama wanavyofukuza nzi. Halafu kuna sehemu ya kuhifadhia mafaili mtandaoni, nalipia watu watano kwenye kadi inayokatwa yenyewe, wakati wanaotumia ni watatu, wawili walishaacha kazi siku nyingi, mmoja keshaolewa ana mtoto. Miaka ile ya 2023 na 2024 dola imekuwa adimu mimi bado nalipia kwa dola nafasi za watu ambao hawapo.

Na hapa kwenye kukatwa watu wawe macho, maana kuna mipango inaitwa ya mwaka lakini unalipa kila mwezi, ukiona unalipa kila mwezi unadhani unaweza kuacha mwezi wowote, kumbe umejifunga mwaka mzima na ukitoka katikati unadaiwa. Hata Marekani kwenyewe wanalalamika, Juni 2024 serikali yao, baada ya tume yao ya biashara kulipeleka suala hilo, iliishtaki Adobe, kampuni ya Photoshop, ikidai hiyo ada ya kutoka inafichwa.

Kuna jambo lingine watu wanachanganya sana, mpaka mafundi. Windows 10 imefika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, sasa kuna watu wanapita madukani wanasema leseni yako imekufa toa hela tukupigie windo mpya. Leseni haijafa, mashine inawaka kama kawaida, kilichoisha ni marekebisho ya usalama, na biashara ikitaka kuendelea kuyapata Microsoft wanatoza dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza na kila mwaka bei inazidishwa mara mbili, mwisho miaka mitatu. Hapo unapiga hesabu mwenyewe kama bora ununue mashine nyingine. Ila hii ya kupigiwa windo ya bure na kile kiprogramu cha kuivunja leseni mimi nimeacha, sio kwamba nimekuwa mlokole, ni kwamba mtu anakuambia zima antivairasi kwanza ndio kiprogramu kikubali, na mimi kwenye hizo mashine nina mitihani ya shule za watu.

Wataniambia tumia za bure. Natumia, LibreOffice iko kwenye mashine mbili za mbele na wateja wa barua za kazi hawajui tofauti, lakini domeini hakuna ya bure ya maana, na maofisi wanaleta mafaili ambayo ukiyafungulia kwingine jedwali linahama.

Sasa nimenunua kaunta buku, limelala droo moja na mkataba wa fremu na leseni ya biashara. Kila programu nimeipa ukurasa wake, inaisha lini, inalipwa na kadi ipi, nani anaitumia, na mstari ninaouangalia zaidi, akaunti ni ya nani. Paswedi humo siandiki. Imeili ya usajili nimefungua moja ya duka ambayo haitegemei domeini yetu, maana domeini ikifa na imeili ya kukumbushwa inakufa nayo, hili nililiona kwa macho yangu. Na kwenye Microsoft 365, zile programu za ofisi za kulipia, msimamizi nimekuwa mimi mwenyewe na kijana mmoja wa ofisini, kwa sababu nimeelezwa mkipitiliza bila kulipa mna kama siku 30 kila kitu kinafanya kazi kama kawaida, halafu siku 90 watumiaji wamefungiwa na msimamizi peke yake ndiye anaweza kuingia kuokoa mafaili, zikiisha vinafutwa, sasa msimamizi akiwa fundi aliyebadilisha namba ya simu unaokoa nini? Tarehe nazisogeza taratibu zote ziangukie Septemba, Januari siwezi, ada za watoto na kodi ya fremu zinatosha.

Ombi langu kwa wanaouza hizi huduma, mkija kumfungia mtu biashara yake msijaze imeili zenu hata kama mwenyewe anasema hana, mfungulieni yake hapo hapo ni dakika kumi, na ankara iandikwe jina la duka. Na wewe Mhariri kama inawezekana tenga hata kona ndogo ya kutukumbusha tarehe kama hiyo ya Oktoba kabla haijafika, mimi niliisikia imeshapita.

Bado nina mashine moja ya nyuma, programu yake ya hesabu ikiwaka inaleta jina la kampuni nisiyoijua na kijana aliyeiweka hakumbuki aliitoa wapi. Ukurasa wake kwenye kaunta buku nimeandika kalamu nyekundu, "ya nani?"

Mama Steshenari,
Morogoro