Dada wa chumba cha habari, asante sana

Sijui kama hii itakufikia dadaangu ila naandika tu. Nilikua fildi kitengo cha uhusiano kwenye shirika moja la mazingira hapa Dar, tunahamasisha upandaji mikoko, kazi yangu kutwa kuwatumia waandishi taarifa na kimya. Wewe ndo ulinipigia ukaniambia mdogo wangu, aya ya kwanza yote majina ya mabosi na wafadhili, msikilizaji wa redio inamhusu nini? Anza na mvuvi, sema samaki na kamba wanakulia kwenye mizizi ya mikoko, watu wakiikata kwa ajili ya mkaa na boriti nyavu zinarudi nyepesi, alafu tuma kabla ya kikao cha asubuhi cha wahariri sio saa kumi jioni watu wanafunga mafaili. Tukaipanga upya mstari kwa mstari kwenye simu, vocha yako hiyo, na hukugusia habari za bahasha hata kidogo (ile hela ya kumpa mwandishi ili habari itoke 😅). Ikasomwa mchana, mzee mmoja wa Kunduchi akapiga ofisini kuulizia miche, bosi akadhani nina koneksheni. Mungu akuzidishie dada, nikipata ajira chipsi kuku juu yangu.