Mwanangu, kitabu kimoja kinakutosha

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako niliupata jana usiku, nikausoma mara mbili. Umemaliza CCNA, cheti cha mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco, na sasa unaitaka CCNP, ngazi ya juu yake, na umeniorodheshea vitu unavyokusudia kusomea: vitabu saba, kozi tatu za video, programu mbili za maswali ya majaribio, na chini kabisa lile faili ulilopewa na rafiki yako. Furaha niliyonayo siwezi kuiandika ikaisha. Ila orodha yenyewe imeninyima usingizi, kwa sababu naifahamu. Nami niliwahi kuwa nayo.

Nilipoamua kupanda ngazi hiyo, nilinunua kila kilichosifiwa. Nilikuwa nikianza kitabu hiki, nikifika kwenye OSPF, lugha ambayo ruta, vile vifaa vya kuelekeza data, hupashana habari za njia ndani ya mtandao mmoja, nasikia kuna kingine kinaeleza vizuri zaidi, nahamia huko na kuanza upya. Miezi ikapita. Sura za mwanzo nikawa nazijua kama jina langu, lakini BGP, ile inayounganisha mitandao tofauti, sikuwahi kuifikia kwa utulivu. Nikaingia kwenye mtihani, nikaanguka. Kila siku nilikuwa nasoma, mwanangu, hata siku za kuumwa. Nilichokuwa nimesoma ni mwanzo wa vitabu vinne.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, ichukue orodha ya mada za mtihani. Cisco wenyewe wanaitoa bure. Ichape kwenye karatasi, usiiache kwenye simu. Kisha tazama vitenzi vyake, maana humo ndimo mtihani ulimojificha. Mada moja inakwambia ueleze, nyingine inakwambia usanidi, yaani ukipange kifaa kwa amri, na uhakikishe, nyingine inakutaka utafute hitilafu. Kueleza BGP ni kazi ya jioni mbili. Kutafuta hitilafu ya BGP ni wiki nyingi za mikono kwenye kibodi. Ule mtihani wa msingi, ENCOR, wa dakika 120, unagusa mambo mengi kwa upana. Huu wa tawi unaoutaka wewe, ENARSI, wa dakika 90, kitenzi chake kikubwa ni hicho cha kutafuta hitilafu. Mtu anayeisomea mitihani yote miwili kwa namna moja anaupoteza muda wake, na wewe muda huna wa kupoteza.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia kitabu. Kiwe kimoja, kinachofuata toleo la mtihani utakaoufanya. Katika orodha yako nimeona kitabu kinachozungumzia ROUTE, SWITCH na TSHOOT. Hiyo ni mitihani mitatu ya zamani iliyoondolewa tarehe 24 Februari 2020, Cisco walipoupanga upya mfumo wao wote. Usikitupe. Maelezo yake ya OSPF bado ni sahihi kabisa, kwa sababu OSPF ya leo kwa IPv4, mfumo wa anwani uliozoeleka, bado inasimama juu ya waraka wa kanuni uitwao RFC 2328 wa mwaka 1998. Kinachochakaa haraka ni mambo ya kuendesha mtandao kwa programu, na hayo kitabu hicho hakiyajui. Kiweke rafuni, ukifungue siku kitabu chako kikikuacha njiani.

Sasa nikusimulie usiku mmoja, ndipo utaelewa kwa nini nasisitiza maabara kuliko vitabu.

Nilikuwa nimeshafaulu, nipo kazini, tunaunganisha ofisi mbili kwa kiungo kipya. Ruta mbili, kebo zimewaka taa, pingi, lile jaribio la kutuma vipande vidogo vya data, inapita bila kupoteza hata pakiti moja, yaani hata kipande kimoja. Nikawasha OSPF. Ruta zikaanza kusalimiana kila baada ya sekunde 10 kama kawaida, zikatambuana, hali ikapanda hadi EXSTART, hatua ya kujiandaa kubadilishana taarifa. Ikagoma hapo. Nikaangalia eneo la OSPF: sawa. Nenosiri: sawa. Vipima muda, 10 na 40, pande zote mbili sawa. Barakoa ya mtandao (subnet mask): sawa. Nikarudia ile amri ya kuonyesha majirani mara nyingi hata vidole vikawa vinaiandika vyenyewe, na kila mara neno ni lile lile, EXSTART. Ilikuwa usiku wa manane, na asubuhi watu walitakiwa wakute mtandao unafanya kazi. Jasho jembamba likanitoka.

Kumbe upande mmoja MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti kwa baiti, ilikuwa 1500, upande wa pili mtu aliishusha hadi 1400. Pingi ilipita kwa sababu pakiti zake za kawaida ni ndogo. Salamu za OSPF nazo ni ndogo, zikapita. Lakini baada ya salamu, ruta hubadilishana pakiti za kuelezea hifadhidata zao, na ndani ya pakiti hiyo kila ruta hutaja MTU yake. Ruta ya 1400 ikisikia mwenzake anataja 1500, inaitupa pakiti kimya kimya. Haileti kelele yoyote mbele yako. Mwenzake anasubiri jibu lisilokuja, anatuma tena, inatupwa tena.

Kilichoniuma ni hiki: nilipofika nyumbani nilifungua kitabu changu, nikakuta sentensi inayosema jambo hilo. Nilikuwa nimeipiga mstari wa njano kwa mkono wangu. Niliisoma, nikaipenda, nikaisahau, kwa sababu sikuwahi kuiona ikitokea. Baadaye nilikwenda kwenye RFC 2328 yenyewe, kifungu cha 10.6, nikaikuta kanuni imeandikwa wazi, bila kupambwa. Tangu siku ile sijawahi kuisahau.

Wewe unaweza kuiona leo jioni kabla hujalala. Weka ruta mbili, washa OSPF, zikishakuwa majirani punguza MTU upande mmoja, kisha uanzishe upya OSPF. Kaa uitazame ikikwama. Fungua Wireshark, programu ya kutazama pakiti zinazopita, uzione zikirudiwa. Rekebisha, halafu uharibu kitu kingine: badilisha barakoa, badilisha eneo, zipe ruta zote mbili kitambulisho kimoja. Kila ukiharibu, andika kwenye daftari ulichokiona kwenye skrini na chanzo chake. Daftari hilo litakuwa bora kuliko vitabu vyote saba, na hakuna duka linaloliuza.

Ruta zilizotumika usinunue, najua umeshaanza kuzitafuta; maabara ijenge ndani ya kompyuta. Packet Tracer, ile programu ya Cisco ya kuigiza mtandao, ilikufaa kwa CCNA, ila kwa ngazi hii itakuishia mapema, kwa sababu inaigiza tu na amri nyingi haina. Cisco Modeling Labs, maabara ya Cisco ya kwenye kompyuta, ina toleo la bure la vifaa vitano, na kwa vitano unaweza kujenga maeneo mawili ya OSPF ukayaunganisha na jirani wa BGP. GNS3 na EVE-NG, programu nyingine za maabara kama hiyo, ni nzuri sana, ila zinakula kumbukumbu ya kompyuta, na mifumo ya kuendeshea ndani yake ni lazima uipate kwa njia halali. Kuna na FRRouting, programu huria ya Linux iliyozaliwa mwaka 2017 kutoka Quagga. Amri zake zinafanana sana na hizo unazozijua, na kompyuta yako kuukuu itaendesha ruta kumi za namna hiyo bila kulalamika. Chagua moja ubaki nayo.

Video ziangalie mada inapokuwa ngeni kabisa, siku ya kwanza tu. Ukimaliza, izime, chukua kalamu, uchore safari ya pakiti bila kuangalia popote. Ukishindwa kuchora, bado hujaelewa, hata kama ulikuwa unaitikia kwa kichwa dakika arobaini nzima. Maswali ya majaribio nayo ni mazuri kwa sharti moja, yakueleze kwa nini yale majibu mengine si sahihi.

Nimelifikia lile faili. Mwanangu, lifute. Najua rafiki yako amekupa kwa upendo, na najua wengi wanadesa hivyo. Lakini hayo ni maswali yaliyoibwa ndani ya chumba cha mtihani. Kabla ya kufanya mtihani utakubali kwa sahihi yako kwamba hutashiriki jambo hilo, na Cisco wakigundua wana haki ya kukufutia vyeti, hata kile ulichokitolea jasho. Lakini hofu yangu haiko hapo. Nimewahi kukaa upande wa wanaosaili. Alikuja kijana ana cheti cha juu, amevaa vizuri, anajibu haraka haraka. Tukamwekea ruta mbili zilizokwama EXSTART. Alisema tuzizime tuziwashe. Tukazizima, tukaziwasha, zikakwama tena. Akabaki anaitazama mikono yake, na chumba chote kikanyamaza. Roho iliniuma kama ningekuwa mama yake. Sitaki wewe ukae kwenye kile kiti.

Uliniuliza pia kama ungebadilisha uende kwenye vyeti vya Juniper, watengenezaji wengine wa vifaa vya mtandao. Angalia kazi unayoitaka wanatumia vifaa gani, basi. OSPF ni ile ile na BGP ni ile ile, amri tu ndizo zinazobadilika.

Na hiyo CCIE uliyoitaja mwishoni, cheti kilicho juu ya CCNP, iache kwa sasa. Ipo tangu 1993, mtihani wake wa vitendo ni saa 8 mfululizo, na haitakimbia. ENCOR unayoisomea ndiyo pia inayofungua mlango wa kuingia humo, kwa hiyo hakuna kitakachopotea. CCNP yenyewe itadumu miaka 3 kabla ya kuhitaji kuhuishwa, na hiyo ni nafasi ya kutosha ya kufanya kazi, kukosea na kukua.

Jumamosi nitakuwa nyumbani siku nzima. Piga picha ile karatasi ya mada ukishaiwekea alama: kijani kwa ulichokifanya kwa mkono, njano kwa ulichokisoma tu, nyekundu kwa usichokijua. Usinipendezeshee kwa kijani. Na ukikwama kwenye maabara, usinitumie swali tupu. Nitumie usanidi wa ruta zote mbili pamoja na ulichotarajia kukiona. Nitakaa nao mpaka tuipate.

Nakupenda,

Mama yako