Mapunye ya watoto hayaponi kwa kunyoa wala kwa kupaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wazazi, walimu na vinyozi juu ya ugonjwa ambao kila mmoja wetu ameuona, na ambao kwa sababu tumeuzoea tumeacha kuuhesabu kuwa ni ugonjwa. Nina maana ya mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi kwa jinsi yalivyo ya mviringo. Nilifundisha madarasa ya chini katika shule za msingi za Mkoa wa Tanga kwa miaka 31, na sikumbuki hata muhula mmoja nisiokuwa na mtoto mwenye mabaka kichwani. Kwa muda mrefu nilifanya wanayoyafanya walimu wengi: nilimwambia mtoto akanyolewe vizuri, kisha mama yake ampake dawa. Leo najua kwamba katika hayo mawili hakuna lililomponya, na lile la kwanza huenda liliwaambukiza wenzake.

Mapunye hayaletwi na uzembe wa mama wala uvivu wa kuoga. Huletwa na fangasi wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni ile protini inayojenga nywele, na ambao wakishakaa kichwani huingia ndani ya unywele wenyewe na kushuka nao hadi kwenye kitundu unamoota. Ndiyo maana krimu inayomaliza choa cha mkononi kwa wiki chache hushindwa kichwani, kwa kuwa haifiki kwenye shina la unywele. Mtoto mwenye mapunye anahitaji dawa ya kumeza. Iliyozoeleka zaidi ni griseofulvini, ambayo binadamu wameitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ingawa wataalamu wanazo nyingine pia. Hupimwa kwa uzito wa mtoto, humezwa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili mwili uipokee vizuri, na huendelea kwa wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Hapo kwenye idadi ya wiki ndipo wengi wetu tunapokwama. Baada ya wiki 2 muwasho hupungua, magamba hukauka, mzazi huona vidonge vilivyobaki afadhali vitunzwe kwa ajili ya mdogo wake, kisha mwezi haupiti mabaka yanarudi na dawa ndiyo inayolaumiwa.

Jambo jingine linalonisikitisha ni zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa madukani bila swali lolote, zenye steroidi ndani yake. Steroidi hutuliza wekundu na muwasho, hivyo mzazi huamini kuwa mtoto anapona, kumbe ulinzi wa ngozi umepunguzwa na fangasi wanaendelea kuenea kwa amani. Wapo pia wanaopaka mafuta ya taa. Mafuta ya taa huunguza ngozi ya mtoto, hushika moto kwa urahisi, na mvuke wake una madhara, iwe yanapakwa kwa ajili ya mapunye au kwa ajili ya chawa. Naomba sana jambo hilo liachwe.

Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu nilikuwa na mvulana wa darasa la pili ambaye alianza na baka dogo lenye magamba upande wa kisogoni. Niliagiza anyolewe, akanyolewa. Baada ya miezi kama mitatu sehemu ile ilivimba, ikawa laini kama embe lililoiva kupita kiasi, ikatoa usaha kwenye vitundu vingi vidogo, na nywele zikawa zinang'oka zikiguswa tu. Katika zahanati aliyopelekwa kwanza ilidhaniwa ni jipu, akapasuliwa, akapewa dawa za bakteria peke yake. Halikuwa jipu. Ni hali ambayo wataalamu wa ngozi huiita kerioni, yaani mwili unapopambana kwa ukali na wale wale fangasi wa mapunye, na tiba yake ya msingi ni ile ile ya kumeza, kisu hakihitajiki. Alipofika kwa tabibu aliyesomea ngozi alipona, lakini kovu limebaki, pana kama kiganja chake cha wakati ule, na juu ya kovu nywele haziwezi kuota tena. Simlaumu aliyempasua kuliko ninavyojilaumu mwenyewe, kwa sababu baka lile nililiona mimi kwanza, lilipokuwa bado dogo.

Kuyatambua si kazi ngumu kwa mtu aliyeelekezwa. Tazama baka la mviringo lenye magamba ya rangi ya majivu, nywele zilizokatika karibu na ngozi zikaacha vidoa vyeusi kama punje za hiliki, na mara nyingi tezi zilizovimba nyuma ya shingo au nyuma ya masikio. Wakati mwingine hakuna baka kabisa, ni magamba tu yaliyotapakaa, na hapo ndipo wazazi husema mtoto ana mba. Naomba hili lishikwe vizuri: mba ni jambo la kawaida kwa watoto wachanga na kwa waliobalehe, lakini kwa mtoto wa miaka 4 hadi 10 si kawaida, hivyo magamba kichwani mwa mtoto wa umri huo yadhaniwe kuwa ni fangasi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Baka lililo laini kabisa, lisilo na gamba hata moja, ni ugonjwa mwingine. Wasichana wanaosukwa rasta za kubana mno wanaweza kupoteza nywele za kwenye paji la uso na pembeni kwa sababu ya kuvutwa, nao dawa ya fangasi haitawasaidia. Wanahitaji kusukwa kwa kulegezwa kabla mashina ya nywele hayajafa. Penye shaka, tabibu hukwangua magamba kidogo na kuyatazama kwa hadubini.

Sasa nije kwa vinyozi, na nasema nao kwa heshima. Tulipoanza kuuhofia Ukimwi, tulijifunza kwamba kila mtu aje na wembe wake, na watoto walikuja nao wameufunga kwenye karatasi. Ilipoenea mashine ya umeme tuliusahau utaratibu ule. Jumapili jioni, kabla ya ukaguzi wa Jumatatu, watoto 20 wa mtaa mmoja hupita chini ya mashine moja, na vimelea vya mapunye hubaki hai kwenye meno yake na kwenye chanuo kwa muda mrefu. Kupuliza kwa mdomo hakusafishi. Kile kisanduku chenye taa ya buluu, kinachowekewa vifaa ili kuua vimelea, nacho hakitoshi ikiwa vinywele na magamba bado yamenasa kwenye meno. Mashine ipigwe brashi kwanza, kisha ifutwe kwa spiriti na kuachwa ikauke, kila baada ya kichwa kimoja. Mzazi mwenye uwezo na anunue mashine ya nyumbani.

Sipingi agizo la shule kwamba watoto wanyoe nywele ziwe fupi. Ninachosema ni kwamba shule inayoagiza watoto wote wanyolewe inabeba pia wajibu wa kuvitazama vichwa vyao kwa jicho la afya. Mwalimu wa afya afanye hivyo mwanzoni mwa kila muhula, mtoto mmoja mmoja, chumbani, si mstarini mbele ya wenzake, na atakayeonekana na dalili apewe barua ya kwenda kituo cha afya. Hakuna sababu ya kumfukuza darasani mtoto aliyekwisha kuanza dawa ya kumeza na anayeoshwa kichwa kwa shampuu ya kuua fangasi. Lakini kofia za madrasa, mitandio na chanuo visiazimwe.

Nchi yetu haina upungufu wa ujuzi katika jambo hili. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992 kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho kimefundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika. Ujuzi huo ushuke hadi kwenye zahanati za vijijini, na dawa ya kumeza ya mapunye isikosekane huko, kwa maana mama aliyetembea kilomita kadhaa akapewa krimu hatarudi mara ya pili.

Wazazi watakaosoma barua hii nawaomba leo hii wawaite watoto wao mahali penye mwanga, wapanue nywele kwa vidole, watazame kisogoni na nyuma ya masikio, na wakiona magamba wampeleke mtoto kituoni kesho yake, pamoja na ndugu zake wote wanaolala naye kitanda kimoja.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga