Haki isiyoandikwa si zawadi ya jaji

Mhariri,

Kila mahakama zetu za Kenya zinapomlinda mtu kwa haki isiyotajwa waziwazi katika Katiba, lawama hazikawii: eti majaji wamejitwika kazi ya Bunge, na hakuna aliyewapigia kura. Nashuku wengi wa wanaolaumu hawajafika Kifungu cha 19. Hapo wananchi walikubali wenyewe mwaka wa 2010 kwamba haki zilizoorodheshwa haziondoi nyingine zinazotambuliwa na sheria, mradi zisipingane na Sura ya Nne, ile ya haki za msingi. Kifungu cha 20 nacho kinaiagiza mahakama kuikuza sheria pale inaposhindwa kuitekeleza haki. Kwa hivyo jaji anayejifungia ndani ya orodha ndiye anayeyakaidi maandishi.

Tazama kesi ya wakazi wa Mitumba, kijiji kilichobomolewa mwaka wa 2011 karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, lakini hakisemi lolote kuhusu aliyejenga kibanda kwenye ardhi ya umma bila hatimiliki. Wakazi walishinda katika Mahakama Kuu, wakashindwa katika Mahakama ya Rufaa. Januari 2021 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba asiye na ardhi akijenga makao kwenye ardhi ya umma hawi mmiliki wa ardhi hiyo, ila anapata haki ya makao inayostahili kulindwa. Maneno hayo huyapati popote katika Katiba. Lakini soma Kifungu cha 43 sambamba na cha 28 kuhusu utu wa binadamu, utaona yalikotoka. (Vibanda vyenyewe, bila shaka, vilikuwa vimelala chini karibu miaka kumi.)

Wapo wanaotamani tuige Marekani. Huko, katika kesi ya Dobbs ya mwaka wa 2022 iliyofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba haki isiyoandikwa sharti iwe na mizizi mirefu katika historia na desturi za taifa. Kipimo hicho kikiletwa Nairobi kitapima nini? Historia ya jiji hili ni Mwafrika kutembea na kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, shingoni na kupangiwa mtaa wa kulala kwa rangi ya ngozi yake. Katiba ya 2010 ilipitishwa ili tuachane na mambo kama hayo. Jaji wa Kenya akiuliza babu zetu waliruhusiwa nini, atapata jibu la gavana wa kikoloni.

Hata hivyo, sitaki jaji anayechota haki moyoni mwake. Katika kesi ya BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba, Machi 2022, Mahakama ya Juu ilikataa nadharia kwamba Katiba ina nguzo zisizobadilishwa kwa njia ya kawaida ya marekebisho, ikisema Katiba yetu imejiwekea kinga zake katika Vifungu vya 255 hadi 257. Ni mahakama ileile ya kesi ya Mitumba. Matokeo ya BBI hayakunifurahisha yote, ila utaratibu wa kuanzia kwenye maandishi nauheshimu.

Basi nina ombi kwa gazeti lako. Hukumu ikitoka, msitueleze tu nani kashinda na nani atakata rufaa. Chapisheni ile aya ambamo jaji anataja kifungu alichoanzia na jinsi alivyofika kwenye haki aliyoitambua. Na kama hukumu haina aya hiyo, tuambieni haina.

Msomaji wenu,
Buruburu, Nairobi