Kaka, kuhusu ile modela ya bei mbaya

Kaka, habari za Arusha? Shemeji na watoto wazima? Huku Dar tupo, joto tu ndo limekaza, feni inazunguka usiku kucha na bado shuka linaloa. Meseji yako niliipata, ile ya "nunua tu acha kuwaza", nikaona voisi noti haitatosha bora nikuandikie kabisa, maana hili jambo limenikaa kichwani na wewe ndo mtu ninayemjua anayeelewa kwa nini mtu akose usingizi kwa sababu ya sauti ya gitaa.

Yule jamaa wa Mikocheni bado anayo ile Quad Cortex, ile modela niliyokuambia, mashine ya miguuni inayoiga sauti za amplifaya za gitaa na efekti, anataka milioni tatu na nusu, ina begi lake na adapta yake, skrini haina mkwaruzo. Bei ni nzuri kwa kweli, mpya huko Marekani inazidi dola 1,600, ukiweka usafiri na VAT ya asilimia 18 na ushuru mwingine hapa kwetu unajikuta umepita milioni tano. Amenipa mpaka Ijumaa, kuna mtu wa kanisani kwao naye anaitaka.

Mimi unajua niko na HX Stomp yangu, modela nayo hiyo. Kidude kidogo, swichi tatu za miguu, kilitoka 2018, na kazi zetu zote kimenibeba. Priseti yangu ya kazini, yaani mpangilio wa sauti niliouhifadhi, haina mambo mengi, kompresa ya kusawazisha sauti mwanzoni, halafu Jazz Rivet 120 ambayo ndo ile amplifaya ya JC-120 ya Roland walivyoiiga, dilei fupi ya kurudia noti, rivabu kidogo ya mwangwi, basi. Rumba inaenda taratibu, ikifika chemko, pale mwendo unapokolea, nakanyaga swichi moja, volyumu inapanda kidogo na dilei inaongezeka ili solo likae juu ya magitaa mengine bila kumfunika mwimbaji. Kinachonibana ni nafasi, ndani mna nafasi nane tu za kupanga vifaa (zamani zilikuwa sita, wakaongeza kwenye apdeti ya 2020), na nikiweka amplifaya nzito na kabineti (boksi la spika) na rivabu nzuri mashine inakuambia haina nguvu tena, inabidi nitoe kitu. Na swichi tatu kwa mtu anayepiga dansi, kwaya na bendi ya hoteli ndani ya wiki moja, kaka, ni kazi.

Sasa hii Quad Cortex, nisikufiche, wale Wafini wa Neural DSP walikaa chini wakafikiri. Swichi 11 na kila swichi unaizungusha kwa mkono ikawa nobu, skrini unaigusa kwa kidole unaburuta amplifaya unaiweka unapotaka, kitu ambacho kwenye yangu natumia dakika kumi kuinama na kubonyeza pale kimeisha kwa dakika moja. Jamaa alinipa nikae nayo wikendi nzima. Nikarekodi kipande cha chemko kikavu bila efekti yoyote, halafu nikakipitisha kwenye mashine zote mbili nikiwa nimevaa hedifoni, volyumu nimezilinganisha kwa mita kabisa, maana sikio siku zote linapenda kinachopiga kwa nguvu zaidi, ukiiacha moja izidi hata kidogo umeshachagua kabla hujasikiliza. Kwenye sauti safi kabisa, ile ya kumeremeta tunayotumia sisi, ilibidi nirudie na kurudia ndo nisikie tofauti. Nilipopandisha geini, ile nguvu inayoifanya sauti ikwaruze, ikafika pale inapoanza kukwaruza kidogo, hapo ndo Quad Cortex ikajitofautisha, ukigonga uzi wa tatu kwa nguvu noti inapasuka kingoni halafu inajifuta yenyewe kadiri inavyofifia, ukipiga kwa upole inabaki safi. Yangu hapo inakuwa kavu kidogo. Watu wa roki na bluzi wanaishi hapo kila siku na ninaelewa kabisa kwa nini wanatoa hela yote hiyo.

Lakini mimi kazi yangu kubwa haiko hapo. Kazi yangu ni solo safi, nyuzi nyembamba, noti nyingi zinazokimbizana, kila noti isikike peke yake hata mnapokuwa magitaa matatu jukwaani.

Jumamosi nikaenda nayo kwenye harusi, ukumbi wa Sinza. Fundi mitambo akachukua waya mmoja tu, kushoto, mono, kama siku zote, kwa hiyo ile stirio yote na dilei za kwenda kulia na kushoto zikaishia hapo hapo kwenye miksa. Nikamwachia mdogo wangu wa rizimu gitaa nikashuka chini kusikiliza mbele. Kilichotoka kwenye spika za ukumbi kilikuwa sauti nzuri, ndio, ila siwezi kukuapia kwamba ningejua ni mashine gani bila kuambiwa. Tena besi za gitaa zilikuwa zimejaa sana kwa sababu priseti niliitengeneza nyumbani kwa sauti ndogo, na si unajua sikio kwenye sauti ndogo halisikii vizuri besi na treble hivo unaziongeza bila kujua, ukifika ukumbini kila kitu kinafura. Nikakata kila kitu chini ya 100 Hz ikakaa sawa, na HX Stomp nayo huwa naifanyia hivo hivo. Mimi mwenyewe jukwaani nilikuwa najisikia kupitia monita moja iliyochanganywa na sauti za waimbaji wote wanne, kwa hiyo ule utamu wa kwenye hedifoni sikuupata hata kidogo. Hicho ndo kilinifanya nianze kuuliza hela yangu inaenda wapi.

Halafu kuna jambo la mzee wetu wa Magomeni.

Unamkumbuka, yule aliyepiga solo kwenye bendi za dansi tangu sisi hatujazaliwa. Bado ana amplifaya yake, Twin Reverb ya Fender, ile ya paneli ya rangi ya fedha ya miaka ya 70. Spika mbili za inchi 12, tyubu nne za 6L6 nyuma, uzito karibu kilo 30, ni ya umeme wa volti 120 kwa hiyo inapitia transfoma ya kushusha ambayo nayo ni chuma kitupu. Haijatoka chumbani kwake miaka mingi sasa, hakuna wa kuibeba. Wiki iliyopita nilienda kumjulia hali akaniambia iwashe. Kaka. Unawasha swichi ya kwanza unasubiri tyubu zipate moto, kitaa chekundu kinawaka, halafu unanyanyua ya pili kuna mlio mdogo kwenye spika ndo unajua imeamka. Akachukua gitaa lake, volyumu akaweka nne, rivabu mbili, akapiga utangulizi wa rumba moja ya zamani taratibu tu. Noti ya kwanza haikukimbia kuja masikioni, ilijaa chumba kwanza, nyuma yake zile springi za rivabu zikawa zinanong'ona. Nimepiga model ya Twin kwenye HX, wanaiita US Double, nimepiga ya kwenye Quad Cortex, zote nzuri, ila hiyo ya mzee ni Twin moja hiyo hiyo, spika zake zimelegea kwa miaka aliyozipiga yeye, nobu ya treble ina mahali inakwaruza ukiipita, na sauti yake ndo ile niliyokuwa naisikia redioni nikiwa mtoto.

Na inakufa. Ina mvumo unaozidi kila ikikaa imewaka, kapasita za pawa zimezeeka hizo, na tyubu mbili zinawaka kwa rangi isiyo sawa na wenzake.

Hapo ndo nikaanza kuitaka Quad Cortex kwa sababu nyingine kabisa, ile kapcha yake. Unaunganisha mashine na amplifaya, inatuma milio yake, inasikiliza kinachorudi kupitia maiki, halafu inajifunza tabia ya ile amplifaya unaipata ndani ya mashine. Kampuni ya Kemper walianza kuliuza wazo hilo 2011 wakaliita profaili, na wewe studio kwako umezipiga unajua zilivyo. Nikasema sawa, nanunua, nachukua sauti ya mzee kabla haijaondoka.

Ila nilipokaa kusoma vizuri nikaona mambo mawili. La kwanza, kapcha inashika amplifaya ikiwa imekaa kwenye nobu zile zile ulizoweka siku hiyo. Ukibadilisha treble kwenye mashine baadaye unabadilisha ekwalaiza ya mashine, ile ya Twin yenyewe hujaigusa. Rivabu na vibrato haishiki kabisa, inabidi uzime kwanza urekodi, rivabu ya springi utaiweka ya kwako baadaye. Kwa hiyo inatakiwa tuchukue nyingi, volyumu tatu, volyumu tano, volyumu saba ikiwa inaanza kuchemka, kwenye inputi ya kawaida na ile ya vibrato, maana zile mbili hazilii sawa.

La pili ndo limenibadilisha. Kazi hiyo ya kushika sauti haihitaji mashine ya milioni tatu na nusu. Kuna NAM, Neural Amp Modeler, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Unapiga faili lao la majaribio la dakika tatu hivi kutoka kwenye laptopu, linapita reampu, kile kiboksi kinachoifanya sauti ya laptopu iingie kwenye amplifaya kama ya gitaa, linaingia kwenye amplifaya, maiki inarekodi, halafu faili mbili hizo unazipeleka kwenye Google Colab, kompyuta za Google za mtandaoni, bure, programu inajifunza huko huko, unarudishiwa faili dogo. Na kwa jukwaani kuna ToneX ya IK Multimedia, Wataliano hao, pedali yao ilitoka 2023 kwa dola 399 na programu yake nayo inashika amplifaya kwa njia yake. Faili za NAM na za ToneX haziingiliani, kwa hiyo tutashika mara mbili, NAM kwa ajili ya kuhifadhi na kurekodi studio, ToneX kwa ajili ya kazini.

Sasa sikia nilivyopanga. HX Stomp ina send na return, matundu ya kuitoa sauti kwenye kifaa kingine na kuirudisha. ToneX naiweka humo, inachukua nafasi moja tu kati ya nane, yenyewe inabeba amplifaya na kabineti, HX inabaki na kompresa, dilei na rivabu na nguvu zote zilizokuwa zinaliwa na amplifaya zinarudi. Springi nzuri naweza kuiweka hapo bila mashine kulalamika. Swichi za ziada naongeza pedali ndogo ya swichi mbili inachomekwa nyuma. Jumla yake hata na ushuru ni kama nusu ya bei ya yule jamaa, na hela inayobaki nagawa mara mbili: kapasita na tyubu za mzee, na monita yangu mwenyewe ya jukwaani, spika moja flati, isiyoongeza rangi yake kwenye sauti, ya inchi 10 au 12 inayonirushia gitaa langu peke yake. Nimekaa na hiyo hesabu siku kadhaa naona inashika.

Najua utasema Quad Cortex itauzika tena. Inauzika, lakini kwa bei gani? Angalia modela za Fractal, Axe-Fx ya kwanza 2006, ya pili 2011, ya tatu 2018, kila mpya ikija ya zamani inashuka, na hiyo Quad Cortex ilianza kufika kwa watu 2021. Skrini yake ikipasuka hapa Dar naipeleka kwa nani? Twin ndani imesukwa kwa waya na solda unaona kila kitu kwa macho, kuna fundi Kariakoo aliniambia kapasita zikipatikana ni kazi ya siku moja. Mimi hilo nalipa uzito mkubwa sana, kifaa kinachotengenezeka hapa hapa nilipo.

Kama ningekuwa napiga kwenye bendi yenye geini nyingi, au natembea na sauti ishirini tofauti kwa usiku mmoja, au mafundi mitambo wetu wangekuwa wananipa stirio, ningeshamlipa jamaa. Na wewe kwa studio yako na wateja wako wa kila aina, nadhani wewe ndo inakufaa kuliko mimi, nikupe namba yake?

Nilimuuliza mzee kama anaruhusu tushike sauti yake maana ni mali yake hiyo, nisije nikaona imesambaa kwa watu. Akauliza maswali mengi kweli, akataka kujua kama amplifaya itaumia, akataka kujua nani atakuwa nayo. Nikamwambia faili zitakuwa kwangu na kwako na kwake, hazipandi mtandaoni mpaka aseme yeye. Akakubali, ila anataka apige yeye mwenyewe kwanza kabla ya kushika, aweke nobu kwa mkono wake kwa kila volyumu, na mimi naona hiyo ndo sahihi kabisa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Ukishuka mwezi ujao njoo na reampu yako, ile maiki ya SM57 na intafesi ya kurekodia, na laptopu yako maana yangu haitaiweza programu ya ToneX. Transfoma na stebilaiza ninazo. Tutaenda asubuhi mapema, umeme wa Magomeni asubuhi unatulia, jioni majiko na pasi za watu zikiwashwa volti inacheza na Twin inaisikia. Kapasita fundi atakuwa ameshabadilisha kabla hujafika, tyubu nataka tushike kwanza na hizi za zamani, halafu tubadilishe tushike tena. Wewe unaonaje, au mvumo utaharibu kila kitu?

Nijibu kabla ya Ijumaa, jamaa nimemwahidi jibu siku hiyo na sipendi kumweka mtu roho juu. Msalimie sana shemeji.

Nduguyo wa Sinza